Bunduki fupi ya zamani ya risasi moja (rolingi bloku): kabla ya kutoa fedha, mtu aangalie nini?

MLETA MADA, Tabora

Waheshimiwa wadau, salaam. Wazee wote, shikamooni.

Naomba ushauri wa wenye uzoefu wa silaha za zamani, hasa walioko huku kwetu magharibi, kwa sababu kila ninayemuuliza ananijibu upande mmoja tu wa jambo hili. Mimi nalima mahindi na karanga upande wa Sikonge, na ninamiliki kihalali shotigani moja ambayo leseni yake iko hai. Familia moja ya Kigoma, baada ya kumaliza arobaini ya mzee wao, imenieleza kwamba inataka kuuza bunduki aliyoiacha. Silaha yenyewe ilikwisha kukabidhiwa kituo cha polisi, na niliiona hapo hapo kwa ruhusa, msimamizi wa mirathi akiwepo.

Ni bunduki fupi, ya kuingiza risasi moja kwa mkono, isiyo na magazini wala bolti. Ukiivuta nyundo hadi mwisho, mbele yake kuna kipande kinene cha chuma chenye sikio dogo. Ukilivuta sikio hilo kwa kidole gumba, kipande chote kinabingirika kuelekea nyuma na chemba (tundu la kuwekea risasi nyuma ya mtutu) inabaki wazi. Juu ya ulimi wa chuma unaoingia kwenye kitako kuna maandishi yaliyofifia: Remington, Ilion, N.Y., na tarehe kadhaa ambazo za mwisho ni za miaka ya 1870. Namba ya silaha sikuiona. Kilengeo cha nyuma ni kingazi kirefu cha kusimamisha, nacho kina alama za Kiarabu ambazo wenyewe wanasema ni dua iliyochongwa na sharifu mmoja ili bunduki isikose shabaha. Wanasema pia kwamba ilitoka kwa watu wa Mtemi Isike wa Unyanyembe, na kwa ajili hiyo bei wameipandisha mpaka nikashika kichwa.

Naomba kujua ni silaha ya aina gani hasa, kama risasi zake zinapatikana, kama itanifaa kwa nguruwe pori wanaonimalizia karanga, na kama hiyo historia ni ya kulipiwa.

MZEE WA UJIJI

Marahaba, mwanangu. Nilistaafu katika kazi ya wanyamapori, na kwa muda mrefu ghala la silaha la kituo chetu lilikuwa mikononi mwangu, zikiwemo zile zilizokamatwa porini ambazo nyingine zilikuwa na umri mkubwa kuliko reli ya Kigoma. Nitakujibu kwa kirefu, kwa kuwa nimeona watu wengi wakinunua chuma wakidhani wamenunua bunduki.

Uliyoieleza ni rolingi bloku ya Remington, haina shaka. Asili yake ni Leonard Geiger, Mmarekani aliyepata hataza ya mtambo wa namna hiyo mwaka 1863 wakati wa vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe, kisha Joseph Rider akauimarisha ndani ya kiwanda cha Remington pale Ilion, jimbo la New York, mpaka mwaka 1866 ukawa umekamilika. Mwaka uliofuata ulipelekwa kwenye maonyesho makubwa ya Paris, na baada ya hapo mataifa yakapanga foleni: Denmark, Sweden na Norway, Hispania, Misri, Argentina na wengineo. Zilitengenezwa zaidi ya milioni moja, na si Marekani peke yake, kwani Husqvarna na Carl Gustaf kule Sweden, Kongsberg ya Norway, Oviedo ya Hispania na akina Nagant wa Liège nao walizitengeneza. Kwa hiyo jambo la kwanza kulitoa moyoni ni kwamba bunduki hii ni adimu. Katika Tabora ni adimu. Duniani ni ya kawaida mno, na bei ya haki huanzia hapo.

Sasa uelewe inavyofanya kazi, maana ukiuelewa mtambo utajua pa kuangalia. Kuna pini mbili nene zinazopita kutoka ubavu hadi ubavu wa mwili wa bunduki. Pini ya mbele imebeba bloku, ile inayoziba chemba. Pini ya nyuma imebeba nyundo. Unapovuta triga, nyundo inashuka, na inaposhuka bega lake linaingia chini ya bloku na kuikingia, kiasi kwamba fataki (kile kidude cha kuwashia baruti kwenye tako la risasi) inapogongwa, bloku haina pa kwenda. Nguvu ya baruti inaisukuma bloku nyuma, bloku inailalia nyundo, na mzigo wote unaishia kwenye zile pini mbili. Hakuna kitu kingine kinachoshikilia. Ndiyo maana mtambo huu ulisifiwa kwa uimara na wepesi wa kufundisha hata askari mgeni, na ndiyo maana pia pini zikilika au matundu yake yakipanuka, bunduki imekwisha hata kama kitako kinang'aa kama kioo.

Ukirudi kuiangalia, anza kwa kuhakikisha chemba ni tupu, kwa jicho na kwa ncha ya kidole. Halafu mwombe mhusika wa ghala akuruhusu ufanye haya. Funga bloku, shusha nyundo taratibu ukiizuia kwa gumba, kisha jaribu kuitikisa bloku mbele na nyuma. Ikicheza, hata kidogo cha kusikika "tiki", uso wa bloku hauishiki tena sawasawa risasi, na ganda lake la shaba linaweza kupasuka na kurudisha moto usoni mwako. Vuta nyundo tena, fungua bloku nusu, na ujaribu triga: kuna kidude ndani ambacho kazi yake ni kuifunga triga wakati bloku iko wazi, hivyo nyundo ikianguka katika hali hiyo, kidude hicho kimelika au kimeondolewa na fundi wa kubahatisha. Mwisho, iangalie ile pini ndogo ya kugonga fataki kwenye uso wa bloku. Inapaswa kuingia na kutoka kwa ulaini. Katika nyingi za zamani haina springi ya kuirudisha, kwa hiyo ikiganda kwa kutu huku ncha imechomoza nje, siku utakayofunga bloku kwa nguvu juu ya risasi nzima itailipua kabla nyundo haijaingia chini ya bloku kuikinga. Nimeona bloku iliyofika kituoni kwetu ikiwa na sikio lililovunjika kwa namna hiyo, na aliyekuwa ameishika hakuja nayo.

Kuhusu hiyo dua kwenye kilengeo nitasema baadaye. Kwanza mtafute mwalimu wa madrasa akusomee.

MDAU WA URAMBO

Nimesoma kwa makini maelezo ya mzee na ninayaunga mkono, ila naomba niguse hoja ya historia, kwa sababu sisi wa upande huu tumechoshwa na wauzaji wanaotumia majina ya watemi kupandisha bei ya vyuma. Kila gobore linalotoka Urambo ni la Mirambo, kila bastola yenye kutu ni ya Mjerumani, na siku hizi hata cherehani kuukuu wanadai ina zebaki ya thamani ndani.

Isike alijilipua ndani ya ghala la baruti la ngome yake Januari 1893, majeshi ya Wajerumani chini ya Tom von Prince yalipokuwa yameingia. Ni kweli watu wake walikuwa na silaha nyingi, lakini bunduki iliyozoeleka kwa wapiganaji wa Unyamwezi wakati huo ilikuwa ya kujaziwa mdomoni, ya gumegume au ya fataki, iliyokuja na misafara ya pembe kutoka pwani. Tena tangu Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 madola ya Ulaya yalikubaliana kuzuia bunduki za kisasa zisiingie katika eneo kubwa la Afrika ya kati. Sisemi kwamba haikuwezekana mtu wa Isike kuwa na Remington. Nasema kwamba asiye na karatasi, picha au barua ya kuthibitisha hana haki ya kulipisha historia, na mnunuzi anayelipa hadithi bila ushahidi asilalamike baadaye akitaka kuiuza na kila mtu akamcheka.

MLETA MADA

Shukrani, mzee wangu, na shukrani, mdau wa Urambo. Nimerudi Kigoma na nimeruhusiwa kuiangalia tena, safari hii kwa utulivu.

Bloku nyundo ikiwa imeshuka haichezi kabisa. Triga inakataa bloku ikiwa wazi. Pini ya kugonga fataki ilikuwa imeganda ndani, lakini haikuwa imechomoza. Mtutu niliuangalia kwa kuweka kitambaa cheupe mbele ya chemba wazi na kuutazama kutokea mdomoni: michirizi ya ndani inaonekana hadi karibu nusu, kisha kuna sehemu nyeusi yenye vishimo vya kutu kama ngozi ya aliyeugua ndui. Tundu la mdomo nililipima kwa rula, ni karibu milimita 11.

Alama za kilengeo nilizinakili kwenye karatasi na kumpelekea mwalimu wa madrasa. Alicheka, akasema hapo hakuna dua yoyote, ni tarakimu tu: mbili, tatu, nne, na kuendelea kwenda juu.

Kuna mambo mengine mawili nimeyaona ambayo sikuyatarajia. Ubao wa chini ya mtutu una mfereji mrefu mwembamba unaoishia hewani, kana kwamba palikuwa na ufito uliokuwa ukiingia humo. Na kilengeo cha mbele kimeunganishwa kwa kitu kama risasi (yale madini laini) ya kuchomelea mabati, tena kimekaa upande kidogo.

MZEE WA UJIJI

Umefanya kazi nzuri, mwanangu, na umeniletea jibu lote bila kujua.

Hiyo haikuzaliwa fupi. Ni bunduki ndefu ya askari wa miguu iliyokatwa. Karabini, yaani bunduki fupi, halisi ya wapanda farasi ilitoka kiwandani na mtutu wa karibu sentimita 52, ikiwa na pete ya kuning'inizia kwenye tandiko upande wa kushoto wa mwili wa bunduki, na ubao wake wa mbele kwa kawaida hauna mfereji wa ufito, kwa kuwa haikubeba ufito chini ya mtutu. Ile ya askari wa miguu ilikuwa na mtutu wa karibu sentimita 89, ufito wa kusafishia chini yake, na kingazi cha vipimo vya mbali ambavyo mpanda farasi hana haja navyo. Mtutu wa bunduki hizi hupungua unene kuelekea mdomoni. Ukikatwa katikati, mdomo unabaki mnene kupita kiasi na kilengeo cha mbele lazima kihamishwe, ndiyo hiyo kazi ya risasi ya mabati uliyoiona. Bila shaka ukiuweka mraba wa fundi seremala kwenye mdomo, utaona haukukatwa sawa, na mdomo usio sawa huitupa risasi upande. Aliyeikata alitaka kitu chepesi cha kutembea nacho msituni, au alitaka kuondoa sehemu ya mbele iliyokuwa imeoza kwa kutu. Kwa mnunuzi yote ni mamoja: kama shabaha imeharibika, na kama kitu cha kukusanya thamani imeshuka sana.

Tarakimu za Kiarabu kwenye kilengeo zinatuambia mwenye nayo wa kwanza. Ni Misri. Serikali ya Khedivu Ismail, mtawala wa Misri, iliagiza makumi ya maelfu ya Remington kuanzia mwaka 1869, nazo zikawa silaha ya jeshi lake hadi Sudan na jimbo la Ekwatoria. Hizo namba ni umbali wa kulenga, mia mbili, mia tatu, mia nne, na mfyatuaji alisogeza kipande cha ngazi juu kwa kadiri adui alivyokuwa mbali. Watu wa Emin Pasha, gavana wa huko Ekwatoria, walikuwa nazo. Na Emin mwenyewe, baada ya kuingia katika utumishi wa Wajerumani, alipita Tabora mwaka 1890. Wissmann, kamanda wa Wajerumani, naye aliwaandikisha askari wa Kisudani kutoka Misri mwaka 1889 kuja kupigana pwani. Njia za kufika huku zipo, lakini kuwapo kwa njia si ushahidi wa safari, na mdau wa Urambo amesema kweli kuhusu kulipia hadithi. (Watu wa Ujiji nao wana ugonjwa huo. Kwa kuwa Liemba kweli ni meli ya Mjerumani, basi kila kitu kilichozeeka ziwani ni cha Mjerumani.)

Sasa tuje kwenye jambo ambalo wewe ulilitaja katikati ya sentensi, lakini kwangu ndilo la kwanza: risasi.

Bunduki ya Misri ya milimita 11 ilitengenezewa risasi yake yenyewe, ganda la milimita 50 lenye ukingo, la baruti nyeusi. Risasi hiyo haiingiliani na ile ya Hispania ya milimita 11 ambayo ganda lake ni la milimita 58, ingawa mtu akizishika mkononi anaweza kuzifananisha. Zote mbili ziliachwa na majeshi zaidi ya miaka 100 iliyopita. Huko ng'ambo wapo watengenezaji wadogo wanaowahudumia wakusanyaji, lakini wewe uko Sikonge, na dukani hutazikuta. Na hata ukizipata za zamani ndani ya boksi la mzee, usizitie humo: fataki zilizokaa miaka mingi hazitabiriki, na chuma cha bunduki hii kilikusudiwa msukumo wa baruti nyeusi, siyo hizi za kisasa zisizo na moshi. Mtu atakayekuambia "tutatafuta inayofanana iingie" anakutafutia maziko.

Kwa hiyo, ukiniuliza kama itakusaidia kwa nguruwe pori, jibu ni hapana. Shotigani yako inatosha, inapata risasi, na ina mdomo wa pili nguruwe akigeuka.

MDAU WA KASULU

Naomba kumuuliza mzee. Kuna wakati nilionyeshwa rolingi bloku nyingine yenye tundu dogo zaidi, kama la bunduki ya Mauser ya Kijerumani, na mwenyewe aliniambia kwamba hiyo inatumia risasi za kisasa za milimita 7 ambazo bado zinatengenezwa. Je, hiyo siyo bora kuliko ya Misri?

MZEE WA UJIJI

Ni bora, lakini nayo ina miiba yake. Karne iliyopita ilipokaribia kuanza, Remington walitoa toleo imara zaidi la mtambo huu kwa ajili ya baruti isiyo na moshi, na nyingi zilichongwa kwa risasi ya Mauser ya milimita 7 kwa ganda la milimita 57, zikauzwa sana Amerika ya Kusini na ya Kati. Wafaransa nao wakati wa vita vya 1914 waliagiza za risasi yao ya Lebel ya milimita 8. Risasi ya milimita 7 kwa 57 inatengenezwa mpaka leo, hilo ni kweli.

Tatizo ni kwamba katika bunduki kadhaa za toleo hilo chemba ni ndefu kidogo kuliko risasi ya sasa inavyotaka, kwa hiyo ganda linapolipuka linavutika hadi kukatika karibu na tako lake. Dalili yake ni duara jembamba linalong'aa juu ya ganda lililofyatuliwa, juu kidogo ya tako. Ukiliona, simamisha kazi hapo hapo. Ukiongeza kwamba risasi za viwandani za leo zinaweza kuwa na msukumo mkubwa kuliko zile za mwaka 1900, utaelewa kwa nini bunduki hiyo inahitaji fundi mwenye leseni na geji za kupimia chemba, siyo fundi wa magobore. Fundi wa gobore namheshimu kwa kazi yake ya kufua chuma, lakini mtambo huu asiuguse. Akitia moto kwenye pini au kwenye bloku ili "kuikaza", ugumu uliotiwa kiwandani unaondoka, na kwa macho hutaona tofauti yoyote.

MDAU WA KIGOMA MJINI

Nafanya kazi zinazonigusa na mambo ya mirathi na leseni, kwa hiyo nitasema upande huo tu.

Silaha ya marehemu hairithiwi kama baiskeli. Leseni ilikuwa ya mtu, na mtu huyo amefariki. Familia ilifanya vema kuikabidhi polisi. Msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama anaweza kuomba ihamishwe kwa mtu mwingine, lakini mnunuzi lazima awe amepata kibali cha kumiliki silaha ile ile, siyo silaha kwa ujumla, kwa utaratibu wa Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Leseni ya shotigani uliyonayo haikuruhusu kuishika hii hata kwa usiku mmoja. Maombi yataanzia kwenye serikali yako ya mtaa huko Tabora na kupanda ngazi zake hadi kwa msajili, na sababu ya kumiliki utaulizwa. Ukiandika "ulinzi wa shamba" kwa bunduki isiyo na risasi inayopatikana, umejikwamisha mwenyewe.

Suala la namba ndilo zito. Remington nyingi za kijeshi za zamani ziliondoka kiwandani bila namba, hivyo kutokuwa nayo si lazima iwe dalili ya uhalifu. Hata hivyo mkoa wetu unapakana na Burundi na Congo, silaha zimevuka ziwa na mpaka kwa miaka mingi, na Tanzania ni mwanachama wa Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004 inayotaka silaha ziwe na alama za kuzitambulisha. Silaha isiyo na namba, katika mkoa huu, itatiliwa shaka na yeyote atakayeishika, na atakuwa na haki. Mwombe msimamizi akuonyeshe leseni ya marehemu na usome maelezo yake neno kwa neno.

MLETA MADA

Nimeonyeshwa. Leseni ina namba, na namba hiyo ipo kwenye bunduki: ilikuwa chini ya mafuta yaliyoganda, upande wa chini wa ule ulimi wa chuma, nyuma ya kikingio cha triga, imegongwa kwa mkono na tarakimu moja imepinda. Msimamizi alifurahi sana. Lakini katika nafasi ya aina ya silaha imeandikwa "gobore".

Familia inasema hilo ni neno tu, na kwamba kila aliyewahi kuikagua aliipitisha. Wamekubali kupunguza bei, maana habari ya tarakimu za Misri ilimwagika na mambo ya Isike yakaishia hapo. Wanataka nitoe kishika uchumba ili wasimuuzie mtu mwingine.

MDAU WA KIGOMA MJINI

Usitoe. Gobore ni bunduki ya kujaziwa mdomoni, na hii inajaziwa nyuma kwa risasi yenye ganda. Kwa msajili hizo ni silaha mbili tofauti, hata kama aliyejaza fomu zamani aliona chuma kizee akaandika jina alilolijua. Namba kufanana ni jambo jema kwa familia, kwa sababu inaonyesha mzee wao hakuficha kitu. Wao waandike barua kupitia kituo kilichoipokea, wakiambatanisha nakala ya leseni na ya uteuzi wa msimamizi, waombe maelezo ya silaha yarekebishwe baada ya ukaguzi, na katika barua hiyo hiyo wataje kwamba mtutu umekatwa. Wasiache hilo ligunduliwe na mwingine. Mpaka barua ijibiwe hakuna kitu cha kuuza, kwa hiyo hakuna cha kushikia uchumba. Na wakiona safari ni ndefu mno, wanaweza kuisalimisha moja kwa moja; vipindi vya kusalimisha kwa hiari hutangazwa, lakini wao hawahitaji kuvisubiri, kwa kuwa silaha yenyewe tayari iko polisi.

MLETA MADA

Nimewaeleza hivyo, na nimewaambia kwamba mimi sitaendelea na ununuzi. Msimamizi ni mtu mwelewa, amekwisha kuanza kuiandika barua. Swali langu la mwisho kwa mzee: mtambo wenyewe nimeupenda, siwezi kuficha. Je, kuna namna ya kupata bunduki fupi ya aina hii isiyo na matatizo haya?

MZEE WA UJIJI

Ipo. Waitaliano, Uberti na Pedersoli, wanatengeneza nakala za rolingi bloku kwa chuma cha sasa, zenye namba na mhuri wa majaribio ya msukumo, na Uberti wana ile fupi nyepesi inayofuata karabini ndogo ya Remington ya miaka ya 1890. Zilizotumika huuzwa, na uzuri wake ni kwamba aina ya risasi imeandikwa kwenye mtutu, hakuna kubahatisha. Lakini chagua risasi kabla ya kuchagua bunduki. Nenda kwanza kwa muuzaji mwenye leseni, muulize ni risasi zipi anazoleta mwaka hadi mwaka, na ndipo umwambie aina ya bunduki unayoitaka kwa risasi hiyo. Nyingine zimechongwa kwa risasi za bastola za Kimarekani ambazo huku utazitafuta kama dawa. Kuiagiza kutoka nje ni kwa kibali na kupitia muuzaji huyo, siyo kwa mzigo wa ndugu anayetoka Ulaya. Ukishaipata, vipimo vyako ni vile vile nilivyokupa: bloku isicheze, triga ikatae bloku ikiwa wazi, pini ya fataki iende na kurudi. Kwa nakala za sasa ongeza kuangalia skrubu zake. Zikiwa na vichwa vilivyochubuka, mtu ameifungua asiyejua, na inabidi umuulize alitafuta nini humo ndani.

Na huyo msimamizi, mwambie jambo moja kwa niaba yangu. Asikubali mnunuzi yeyote ajaye aombe kuifyatua ile ya mzee "kwa majaribio tu" ili kuona kama inafanya kazi. Ile pini iliyoganda ikilainishwa mafuta inaweza kuganda tena ikiwa imechomoza.